Mirabaha ya redio ndogo ya intaneti Marekani: nani analipwa, na hesabu inapigwaje?

MawimbiMadogo ameuliza:

Wakuu, naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoijua sheria ya Marekani. Kituo ni kidogo, seva iko Marekani na karibu wasikilizaji wote wako huko. Mitambo ni AzuraCast (programu ya kuendesha redio) ikirusha kupitia Icecast (seva inayowapelekea wasikilizaji sauti). Wastani ni wasikilizaji 20 usiku na mchana, nyimbo 15 hivi kwa saa. Hatuna tangazo hata moja la biashara, kuna kitufe cha michango tu, kwa hiyo nimekihesabu kama kituo kisicho cha kibiashara.

Ninachotaka kujua: je, nikishajiandikisha SoundExchange, wale wanaokusanya mirabaha ya rekodi, nimemaliza, au kuna wengine wa kulipwa? Kwa wasikilizaji 20, mwaka mzima ni kiasi gani? Kuna mwongozo mmoja unasema vituo vidogo hulipa asilimia 10 ya mapato, bado unafaa? Na mwisho, tunataka kila Jumapili kuwa na saa mbili za msanii mmoja, kisha kipindi kibaki kwenye tovuti watu wasikilize wakati wowote. Kuna tatizo?

---

HesabuKwanza amejibu:

Mkuu, anza na hili la "kisicho cha kibiashara" kwa sababu ndilo litakaloamua kama unalipa dola elfu moja au elfu sita na ushee.

Kukosa matangazo hakukufanyi uwe kituo kisicho cha kibiashara. Kifungu cha 114 cha sheria ya hakimiliki kinataka moja kati ya mambo matatu: taasisi yako iwe imesamehewa kodi chini ya kifungu cha 501 cha sheria ya kodi, au iwe imeshaomba msamaha huo IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kwa nia njema na ina sababu ya maana kutarajia kuupata, au kituo kiendeshwe na serikali au chombo chake kwa manufaa ya umma. Mtu binafsi mwenye kitufe cha michango hayumo humo. Kwa macho ya sheria wewe ni kituo cha kibiashara, hata kama hujawahi kupata senti.

Sasa hesabu. Kituo cha kibiashara hulipa kwa kila usikilizwaji, yaani wimbo mmoja kwa msikilizaji mmoja. Wimbo ukipigwa watu 20 wakiwa wameunganishwa, huo ni usikilizwaji 20, na aliyesikia kipande tu naye anahesabiwa. Kiwango cha mwaka 2025 kwa kituo cha kusikiliza bure kilikuwa dola 0.0025. Kwa hiyo:

20 × nyimbo 15 × saa 24 × siku 30 = usikilizwaji 216,000 kwa mwezi
216,000 × 0.0025 = dola 540 kwa mwezi
Mwaka mzima: dola 6,570

Kima cha chini cha mwaka katika kipindi cha 2021 hadi 2025 kilikuwa dola 1,000 kwa kila chaneli. Kilitakiwa kulipwa kufikia Januari 31 na hakirudishwi. Kinakatwa kutoka kwenye deni lako mpaka kiishe, kisha unaanza kulipa zaidi. Wengi hudhani hiyo dola 1,000 inatosha redio ndogo. Igawanye: 1,000 kwa 0.0025 ni usikilizwaji 400,000. Chaneli ya nyimbo 15 kwa saa inapiga nyimbo 131,400 kwa mwaka. Maana yake kima cha chini kinabeba wastani wa wasikilizaji 3 tu. Wewe wa 20 utakimaliza kabla mwezi wa pili haujaisha.

Linganisha na kituo kilichosamehewa kodi. Kwa dola hizo hizo 1,000 kilipewa saa 159,140 za usikilizaji kila mwezi kwa chaneli, ambazo ni sawa na wastani wa wasikilizaji 218 muda wote. Wewe unatumia saa 14,400 tu. Kwa hiyo kabla ya kubana nyimbo au kupunguza wasikilizaji, fikiria kusajili taasisi na kuomba 501(c)(3), yaani msamaha wa kodi wa taasisi za hisani na elimu. Ukitarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi dola 250,000, kwa kawaida unaweza kutumia fomu fupi, 1023-EZ, ada yake dola 275. Fomu ndefu ni dola 600. Ila uwe na lengo halisi la elimu au huduma kwa jamii, liandikwe kwenye katiba ya taasisi. Kuomba ili kukwepa mirabaha tu hakuwezi kuitwa nia njema.

Angalizo: Bodi ya Mirabaha ya Hakimiliki, yenye majaji watatu, hupanga viwango kwa vipindi vya miaka mitano. Kipindi cha 2026 hadi 2030 kina viwango vyake. Fomula haibadiliki, ingiza kiwango cha mwaka unaoulipia.

---

KaratasiSafi amejibu:

Naongezea kwenye swali la nani analipwa. Kila wimbo una hakimiliki mbili. Moja ni ya rekodi, yaani ile sauti iliyofanyiwa kazi studio. Nyingine ni ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe. Redio ya FM Marekani hailipi chochote kwa rekodi, inalipia utunzi tu. Redio ya intaneti inalipia zote mbili, tangu sheria za 1995 na 1998.

Upande wa rekodi ni SoundExchange. Fedha zake zinagawanywa kisheria: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 iliyobaki kwa wapiga vyombo na waitikiaji. Nakala za nyimbo unazohifadhi kwenye seva ili uzirushe nazo zimo ndani ya malipo hayo hayo.

Upande wa utunzi ni ASCAP, BMI, SESAC na GMR, mashirika yanayokusanya kwa niaba ya watunzi, kila mmoja na leseni yake. Usidhani ukiwa na mbili kubwa umefunika kila kitu. Wimbo mmoja wenye watunzi wanne unaweza kuwa na sehemu ASCAP, sehemu BMI na sehemu GMR, na kibali cha mmoja hakifuniki sehemu ya mwenzake. Kama hutaki kushughulika na wote, zipo kampuni za kurusha matangazo zinazokuuzia seva na leseni kwa pamoja. Soma mkataba uone zinataja majina gani, zinafunika nchi zipi, na saa ngapi za usikilizaji kwa mwezi.

Kuhusu utaratibu: kabla ya kupiga wimbo wa kwanza, wasilisha taarifa ya matumizi Ofisi ya Hakimiliki. Hapa ndipo watu wanaumia. Wanafungua akaunti SoundExchange, wanalipa, na taarifa hawajapeleka. Leseni ya kisheria, ile inayokuruhusu kupiga rekodi bila kumwomba kila mwenyewe, haiwi yako bila taarifa hiyo, na nyimbo ulizopiga kabla yake hazifunikwi. Mahakama inaweza kutoza kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi iliyokiukwa, na hadi 150,000 kama ulifanya makusudi. Ukibadilisha jina au anwani ya kituo, peleka marekebisho ndani ya siku 45.

Leseni hii ni ya wasikilizaji walio Marekani. Walio nje wana sheria za nchi zao. Uingereza, kwa mfano, rekodi ziko PPL na utunzi uko PRS. Wengi huzuia anwani za IP za nje kwa kuweka nginx (seva ya wavuti) mbele ya Icecast. Ukifanya hivyo hakikisha nginx inapitisha anwani halisi ya msikilizaji, la sivyo logi ya Icecast itaonyesha anwani ya nginx kwa kila mtu na hutajua nani alikuwa wapi.

Mwongozo wa asilimia 10 uufute. Ulikuwa kweli enzi zake: chini ya sheria ya 2002 na baadaye makubaliano ya 2009, kituo kidogo kililipa asilimia 10 ya dola 250,000 za kwanza na asilimia 12 ya zaidi ya hapo. Mpango huo uliisha Desemba 31, 2015, haukuongezwa, na mwezi uliofuata Live365, kampuni iliyorushia vituo vingi vidogo, ikafunga milango, ikarudi mwaka 2017 ikiwa na wamiliki wapya. Kurasa za zamani bado zinazunguka na zinawapotosha watu.

---

MpangaVipindi amejibu:

Hilo la Jumapili ndilo litakalokutoa nje ya leseni. Leseni ya kisheria imetolewa kwa redio, si kwa huduma ya kuchagua wimbo, na sheria imeweka mipaka ili msikilizaji asiweze kukaa akisubiri kurekodi albamu nzima.

Ndani ya saa 3 zozote kwenye chaneli moja: nyimbo zisizidi 3 kutoka albamu moja, na zisizidi 2 mfululizo. Msanii mkuu mmoja asizidi nyimbo 4, na zisizidi 3 mfululizo. Mkusanyiko wa nyimbo, kama seti ya diski kadhaa, nao mwisho ni 4. "Saa 3 zozote" si saa 3 za ratiba yako. Ni dirisha linalosogea dakika kwa dakika. Nyimbo 3 za msanii saa 1:50 usiku na nyingine 3 saa 3:10 zimo dirisha moja.

Saa mbili za msanii mmoja ni nyimbo 25 hadi 30, kwa hiyo haziwezekani bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni lebo na si msanii. Kinachowezekana: piga nyimbo 4 zake, ujaze nafasi kwa wasanii wengine walioimba upya tungo zake, waliomfundisha na aliowafundisha, halafu mazungumzo ya kina katikati. Kipindi cha namna hiyo mara nyingi kinamfaidi msikilizaji kuliko albamu iliyomwagwa mfululizo.

Kwenye mitambo ya kupanga nyimbo, umbali wa dakika 45 kati ya nyimbo za msanii mmoja unakuweka ukingoni kabisa, maana wimbo wa tano unaangukia dakika ya 180. Weka dakika 60 kwa msanii na 90 kwa albamu. Na safisha majina kwanza: "Msanii", "Msanii ft. Fulani" na "MSANII" kwa programu ni watu watatu tofauti, na hapo kinga yako haifanyi kazi ingawa umeiwasha.

Kuacha kipindi kwenye tovuti: kipindi cha kumbukumbu lazima kiwe na urefu wa saa 5 au zaidi, na kisikae zaidi ya wiki mbili. Kipindi cha saa mbili cha kubonyeza na kusikiliza hakiruhusiwi. Kinachozunguka chenyewe bila kukoma kinatakiwa kiwe na saa 3 au zaidi. Ukitaka kurudia kipindi kwa ratiba iliyotangazwa, cha chini ya saa moja ni mara 3 ndani ya wiki mbili, cha saa moja na kuendelea ni mara 4. Na faili la kupakua, podikasti, halifunikwi na leseni hii hata kidogo. Linahitaji ruhusa za moja kwa moja.

Usitangaze mapema orodha ya nyimbo na saa zake. Kutaja wasanii wachache kama mfano wa utakachopiga, bila kusema lini, ni sawa.

Na wakati wimbo unapigwa, msikilizaji aone jina la wimbo, albamu na msanii. Vituo vingi vinaonyesha "Msanii - Wimbo" tu kwa sababu ndivyo mtiririko wa Icecast unavyobeba kwa kawaida. Albamu iongeze kwenye kichezeshi cha tovuti.

---

MawimbiMadogo ameandika:

Asanteni sana wakuu, nimeona nilipokosea. Mawili yamebaki. Maombi ya wasikilizaji, wanaotuma ujumbe wakitaka wimbo fulani, tuyaache? Na ripoti zinaandaliwaje? Nilidhani kuchukua idadi ya wasikilizaji kila wimbo unapoanza inatosha.

---

MpangaVipindi amejibu:

Maombi yapokee, ila usipige ndani ya saa moja tangu yalipoletwa, wala usiahidi muda. Sheria inasema kituo hakigeuki cha kuchagua kwa sababu ya maombi, mradi matangazo yake kwa sehemu kubwa yasiwe nyimbo zilizopigwa ndani ya saa 1 baada ya kuombwa au kwa wakati uliotajwa na muombaji au na kituo. AzuraCast ina sehemu ya kuchelewesha maombi kwa dakika. Weka zaidi ya 60.

---

FundiLogi amejibu:

Idadi ya mwanzo wa wimbo haitoshi. Aliyeingia dakika ya pili amesikia sehemu ya wimbo, naye ni usikilizwaji mmoja. Ukichukua mwanzo tu unapunguza hesabu, na wakija kukagua tofauti ni deni lako pamoja na faini ya kuchelewa, asilimia 1.5 kwa mwezi.

Njia sahihi ni logi ya Icecast. Mstari wake huandikwa msikilizaji anapoondoka, si anapoingia, na namba ya mwisho kwenye mstari ni sekunde alizokaa. Mstari ukionyesha saa 14:32:10 na mwishoni 1840, mtu huyo aliingia saa 14:01:30. Ukishapata kuingia na kutoka kwa kila mtu, linganisha na logi ya nyimbo: kila wimbo uliogusana na muda wake, hata kwa sekunde chache, unahesabu 1. Skripti ya mistari 40 ya Python inamaliza kazi.

Yanayoharibika:

Saa. Logi ya Icecast inaweza kuwa UTC (saa ya kimataifa) na logi ya nyimbo saa za huko mlipo. Tofauti hiyo haionekani kwenye jumla ya mwezi, inaonekana kwenye mgawanyo: wasanii wa usiku wanapewa wasikilizaji wa mchana, na fedha zinaenda kwa wasiostahili. Weka zote UTC, na saa za seva zote zisawazishwe kwa NTP (huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao).

Waliobaki wameunganishwa mwezi unapoisha. Hawajaandikwa bado, wataonekana kwenye logi ya mwezi unaofuata. Soma logi siku mbili tatu mbele, kisha kata mwezi wako.

Miunganisho isiyo ya watu. Seva inayopokea mtiririko ili iurushe upya, na programu yako inayopima kama kituo kiko hewani, si wasikilizaji. Ziondoe kwa anwani zake mwenyewe unazozijua. Usifute kwa kubahatisha kila muunganisho mfupi.

Na simu zilizoachwa zikicheza mezani. Hizo zinalipiwa kama kawaida. Kwenye Icecast, ndani ya mount (sehemu ya mipangilio ya mtiririko wako), kuna `max-listener-duration` kwa sekunde. 14400 inamkata mtu baada ya saa 4, aliye macho atabonyeza tena. `max-listeners` inaweka kikomo cha idadi. Kwa kituo kinacholipa kwa kila usikilizwaji, mistari hiyo miwili ni breki nzuri ya bili.

Faili la ripoti ni la maandishi matupu, kila safu imetengwa kwa | na maandishi yamefungwa kwa ^. Mstari mmoja unakuwa hivi:

^JINA LA KITUO^|^A^|^MSANII^|^JINA LA WIMBO^|^USXXX2400001^|^ALBAMU^|^LEBO^|412

A ni aina ya urushaji: intaneti, bila malipo ya msikilizaji. Hiyo inayofuata jina la wimbo ni ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Ukiwa nayo, albamu na lebo si lazima, ukiikosa basi zote mbili ni lazima. 412 ni jumla ya usikilizwaji wa rekodi hiyo kwa mwezi. AzuraCast ina ripoti ya SoundExchange tayari, ila inatoa ilichokuta kwenye faili zako. Jaza mapema vitambulisho vya ID3, yaani taarifa zilizomo ndani ya faili la wimbo: TSRC kwa ISRC, TALB kwa albamu, TPUB kwa lebo. Usifupishe majina. Kwenye muziki wa klasiki msanii ni mpigaji au okestra, si mtunzi. Kwenye mkusanyiko, usiandike "Wasanii Mbalimbali". Fedha ya jina hilo haina pa kwenda.

Ripoti inatakiwa ndani ya siku 45 baada ya mwezi kuisha. Kituo cha AM au FM kinachorusha pia kwenye intaneti, ambacho malipo yake hayavuki kima cha chini, kinaruhusiwa kutumia jumla ya saa za usikilizaji na mara ambazo kila wimbo umepigwa badala ya hesabu kamili. Wewe wa intaneti tu huruhusiwi.

---

HesabuKwanza amejibu:

FundiLogi kanikumbusha: kuna nyimbo zisizoingia kwenye hesabu. Rekodi ambayo mwenyewe amekupa ruhusa ya moja kwa moja haihesabiwi; pata maandishi yanayotaja rekodi ipi, kuanzia lini hadi lini, na kwamba anayesaini ndiye mmiliki. Rekodi ambazo hakimiliki imeisha nazo hazihesabiwi. Kwa sheria ya 2018, zilizotolewa kabla ya 1923 zilikuwa huru Januari 1, 2022. Za 1923 zikafuata Januari 2024, za 1924 Januari 2025, na hivyo kila mwaka. Lakini jihadhari na toleo jipya la wimbo wa zamani: utunzi wa 1920 uliorekodiwa 1985 bado rekodi yake inalipiwa.

Ukipata wasanii chipukizi wa kutosha kujaza theluthi ya ratiba kwa ruhusa za moja kwa moja, zile dola 540 za mwezi zinashuka hadi 360. Tunza mikataba hiyo kwa namba ya ISRC, ili skripti ya logi iziondoe nyimbo hizo yenyewe.

---

MawimbiMadogo ameandika:

Nimeelewa. Nasimamisha muziki leo, taarifa ya Ofisi ya Hakimiliki inakwenda kwanza. Katiba ya taasisi naiandika wiki hii. Nikipeleka ombi IRS, nihesabiwe kisicho cha kibiashara tangu siku hiyo au mpaka jibu lije?

---

KaratasiSafi amejibu:

Tangu ombi limeshapelekwa, mradi ni la nia njema na una sababu ya kutarajia kukubaliwa. Tunza risiti ya kuwasilisha na nakala ya fomu. Miezi ya kabla ya tarehe hiyo ni ya kibiashara na inalipwa hivyo, kwa hiyo ni heri ukae bila muziki hadi ombi liwe limefika.